Mwezi ukiwaka, mwanangu halali

Shangazi, shikamoo.

Naishi Kitangiri, hapa Mwanza, na nina watoto wawili. Mkubwa ni binti wa miaka 12. Mdogo ni wa kiume, ana miaka 6, na mwaka jana daktari alituambia ana usonji (autism). Bado haongei. Akitaka kitu anakushika mkono anakupeleka kilipo. Ni mtoto mpole na watu wa mtaani wanampenda. Shida yangu ni usiku.

Saa mbili nikishamlisha namwingiza kitandani. Halali. Anaruka juu ya godoro, anacheka peke yake, anagonga mlango wa bati, anavuta chandarua mpaka kinachanika, na hiki alichonacho sasa ni cha tatu. Inafika saa tano, saa sita, siku nyingine saa nane yuko macho. Jirani tunayepakana naye ukuta ameshakuja mara mbili kulalamika, na simlaumu, naye ana kazi asubuhi. Kinachomtuliza ni kimoja tu. Nikilala naye anashika pindo la khanga yangu, analisugua kwa vidole viwili, taratibu, mpaka vidole vyenyewe vinaachia. Lakini saa kumi na moja alfajiri naondoka kwenda mwaloni kununua dagaa, na nikijichomoa tu, naye macho. Basi mchana anasinzia, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja, na mimi namwacha kwa sababu ndipo napumua.

Baba yake ni mvuvi wa dagaa. Kipindi cha giza anakesha ziwani, mbalamwezi ikiwaka anakuwa nyumbani. Kuna majuma mtoto anakuwa afadhali, nasema Mungu amesikia, halafu ghafla anaharibika upya. Mama mkwe anasema ni mwezi unampanda kichwani. Anataka nimpeleke kwake, kisiwani Ukerewe, akae naye, atulie na atazamwe kienyeji. Jirani mwingine alinishauri nimpe ile dawa ya maji ya mafua inayoleta usingizi. Nimempa mara nne. Ya kwanza alilala, ya pili alilala kidogo, zilizofuata ndiyo kwanza akachangamka.

Kuna mambo mawili yananiumiza. Mwezi uliopita aliamka usiku akafungua mlango, tukamkuta anashuka njia ya mawe kuelekea ziwani. Na Jumanne iliyopita nilimpiga. Ilikuwa saa saba, nilikuwa nimechoka mpaka sijijui. Hakulia. Alinitazama, kisha akachukua pindo la khanga yangu akaanza kulisugua. Tangu siku hiyo sina amani.

Nifanye nini alale? Na je, nimpeleke Ukerewe?

Mama wa Kitangiri

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Nianze na hiyo Jumanne, maana naona ndiyo iliyokufanya uandike. Mtoto uliyempiga alitafuta utulivu kwenye khanga yako hiyo hiyo. Bado wewe ndiye kimbilio lake. Usirudie kumpiga, kwa sababu kipigo kitamfundisha kwamba kitanda ni mahali pa hofu, na mwenye hofu halali. Siku ukihisi mkono unataka kunyanyuka, mwache ndani ya chandarua, mlango ukiwa na komeo, kaa kizingitini dakika tano upumue, ndipo umrudie. Zaidi ya hapo sina la kukulaumu. Mtu anayelala saa tatu kwa usiku na kudamkia mwaloni, miezi nenda miezi rudi, amechoka kupita kiasi.

Pili, kabla ya usingizi, mlango. Hili lifanye leo, kabla hujamaliza kusoma. Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani bila kuaga, na maji huwavuta sana. Katika watoto wenye usonji wanaopoteza maisha kwa kutoka nyumbani peke yao, wengi huzama majini. Wewe unaishi juu ya ziwa. Mwite fundi aweke komeo kwa ndani, juu kabisa ya mlango ambako mkono wake haufiki lakini wako na wa dada yake unafika. Usimfungie kwa kufuli kutoka nje hata mara moja, moto ukitokea hakuna atakayetoka. Funga na njuga au makopo mawili yanayogongana kwenye bawaba, mlango ukisogea uamke. Kisha waambie majirani wa upande wa ziwani, huyu mtoto akionekana peke yake, usiku au mchana, ashikwe mkono arudishwe. Hata yule wa ukuta mmoja mweleze. Watu wengi hulalamika kwa sababu hawajaambiwa.

Dawa ya mafua, acha. Dawa hizo za usingizi wa mkopo huwachangamsha baadhi ya watoto badala ya kuwalaza, jambo ambalo umeshaliona kwa macho yako, na mwili huzizoea haraka. Nyingine zina hatari kubwa zaidi: promethazini, kwa mfano, haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka 2 kabisa, kwa sababu inaweza kumkatizia pumzi. Nasema hivi kwa ajili yako na kwa yule jirani aliyekushauri, ambaye pengine ana mtoto mchanga ndani.

Halafu hospitali. Mtoto asiyeongea hawezi kukuambia kinachomwuma, atakuonyesha kwa kutolala. Nenda kituo cha afya cha karibu, ukihitaji zaidi watakuelekeza Sekou Toure au Bugando, na usiseme tu "halali". Waombe wamwangalie masikio na meno. Waambie choo chake kikoje, maana watoto hawa wengi huchagua chakula na hupata choo kigumu, na tumbo lililojaa halitulii. Apimwe minyoo, ile midogo myeupe hutoka kuwasha usiku. Kama huwa anachezea maji ya ziwa apimwe na kichocho, huku kwetu kichocho cha tumbo kiko kingi. Apimwe damu pia: mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma miguu yake hukosa utulivu usiku. Na kama amewahi kukakamaa, kutetemeka upande mmoja, au kuamka kitanda kimelowa na ulimi umeng'atwa, litaje hilo la kwanza kabisa, kwa sababu kifafa hujificha usingizini.

Sasa nije kwenye mwezi.

Mama mkwe wako si mtu wa kupuuzwa. Ameona jambo la kweli, kwamba mtoto anaharibika mbalamwezi ikiwaka. Nimesoma barua yako nikiwa na kalenda mkononi na mimi nakubaliana naye. Ila tazama nini hasa kinabadilika humo ndani mwezi ukiwa mpevu. Giza likiwepo, baba yuko ziwani na taa zake. Mnakula mapema, nyumba inatulia, wewe unalala kwa sababu kuna mwaloni alfajiri. Mbalamwezi ikija dagaa hawafuati taa, mitumbwi inakaa, baba yuko nyumbani. Nadhani chakula kinasogea, simu yake inatoa sauti na katuni, rafiki zake wanapita, na asubuhi hakuna anayewahi mwaloni, kwa hiyo mtoto aliyesinzia saa nane analala mpaka saa tatu. Mtoto mwingine angezoea. Mwenye usonji anaishika dunia kwa utaratibu wake, jambo hili likifuatwa na lile, na kila mwezi mnampangua nyumba nzima mara mbili. Kilichomsumbua ni mwezi kweli, ila umempitia mlangoni kwa baba yake.

Sisemi baba asirudi. Mtoto anamhitaji, na pengine furaha ya kumwona ni sehemu ya kile kinachomweka macho. Nasema saa ya kuamka na mpangilio wa jioni vibaki vile vile, giza au mbalamwezi. Hilo ndilo jibu langu, mengine yote ni namna ya kulifanya.

Anza na asubuhi. Wengi huanza na saa ya kulala wakashindwa, kwa kuwa huwezi kumlazimisha mtu kusinzia, lakini kumwamsha unaweza. Chagua saa kumi na mbili na nusu. Binti yako amfungulie mlango, akae naye nje kwenye mwanga, anywe uji. Kila siku, Jumapili na sikukuu, hata kama alisinzia saa nane. Usingizi wa saa tisa alasiri uondoe. Najua ndipo unapopumua, na naumia kukunyang'anya, lakini huo ndio unaokula usiku wake. Akishindwa kabisa, alale nusu saa kabla ya saa nane mchana, umwamshe.

Usiku fanya jambo litakaloonekana la ajabu: acha kumwingiza kitandani saa mbili. Unamlaza saa mbili, anasinzia saa sita, maana yake kila siku anakaa saa nne kitandani akijifunza kwamba kitanda ni uwanja wa kuruka. Mlaze saa ile anayosinzia kweli. Kama ni saa sita, basi saa sita, na kabla ya hapo akae sebuleni kwa utulivu, taa hafifu, bila simu. Zikipita dakika 20 kitandani hajasinzia, mtoe, akae tena kimya, umrudishe. Akianza kusinzia haraka kwa siku 3 mfululizo, rudisha saa nyuma kwa dakika 15. Siku 3 nyingine, dakika 15 nyingine. Kutoka saa sita hadi saa tatu ni hatua 12, siku 36 kama hakuna kinachokwama. Kitakwama mahali, kwa hiyo jihesabie miezi miwili. Akifika saa tatu na kuamka saa kumi na mbili na nusu anakuwa na saa tisa na nusu za usingizi, na mtoto wa umri wake anahitaji kati ya saa 9 na 12.

Anza kipindi cha giza kinapoingia, uwe na wiki mbili za nyumba tulivu mbele yako. Mbalamwezi itawakuta katikati ya kazi, na hapo ndipo baba anaingia. Zungumza naye kabla, akiwa ameshiba na hana haraka. Mwambie kazi yake ni moja: saa moja kabla ya mtoto kulala, simu inazimwa na inawekwa juu ya kabati. Mwanga wa kioo cha simu huuambia ubongo kwamba bado ni mchana, na homoni ya usingizi inachelewa kutoka. Akitaka kucheza na mwanawe, acheze naye jioni mapema, ambebe mgongoni apande naye mawe, amchoshe. Mtoto anayependa kuruka anahitaji mzigo wa mwili mchana: kubeba ndoo ndogo ya maji, kusukuma, kukwea.

Hapa Mwanza tuna bahati moja. Tuko karibu na ikweta, jua linazama karibu saa moja mwaka mzima. Tumia hilo. Giza likishika, taa kubwa nyeupe izimwe, ibaki ndogo. Mawe yetu huhifadhi joto mpaka usiku, kwa hiyo fungua madirisha yenye wavu, na mwogeshe. Wengine maji huwalegeza, wengine huwaamsha. Ukiona akitoka bafuni anaruka zaidi, sogeza kuoga kuwe kabla ya chakula.

Kwa vile haongei, usimpangie jioni kwa maneno. Mpangie kwa vitu. Chukua boksi, weka ndani kikombe chake cha kuogea, mswaki, na kipande cha khanga. Kila hatua ikifika mpe kitu chake mkononi, sema neno moja lile lile, kwa sauti ile ile. "Maji." "Mswaki." "Khanga." Hatua ikiisha, kitu kinarudi ndani ya boksi. Nilifundisha darasa la watoto wenye mahitaji maalumu miaka mingi, na nilikuwa na binti asiyesema neno aliyekuwa akilia kila kengele ya kwenda nyumbani, mpaka tulipoanza kumpa kijiko kabla ya chakula na kandambili kabla ya kuondoka. Wiki ya tatu alizifuata kandambili mwenyewe. Kilio chake chote kilikuwa ni kutojua kinachofuata.

Kuhusu khanga, hapo umeshika dawa mkononi na hujui. Usinunue blanketi zito watakalokushauri wajuzi wa mitandaoni. Uingereza waliwapima watoto wenye usonji kwa blanketi hizo, matokeo yakachapishwa 2014: watoto walizipenda, lakini hawakulala muda mrefu zaidi. Wako ameshachagua chake. Chukua khanga ile ile, usiifue siku mbili, ikate pindo lenye upana wa kiganja liwe lake. Livae kiunoni mchana lishike harufu yako, usiku mpe. Mwanzoni lala naye kama kawaida, ila vidole vyake viwe kwenye pindo lake badala ya lile ulilovaa. Baada ya wiki kaa kitandani bila kulala. Kisha kaa kwenye kigoda kando. Kisha sogeza kigoda karibu na mlango. Mtoto anayesinzia peke yake na kipande chake, akishtuka saa kumi na moja hatakuta kitu kimetoweka, na wewe utaondoka kwenda mwaloni bila kunyata kama mwizi. Kipande kiwe kifupi tu, kisiweze kuzunguka shingo.

Chandarua usikiache, kanda ya ziwa malaria ni nyingi. Ila chunguza kwa nini anakivuta. Kile cha duara hushuka na kugusa uso, na ngozi ya watoto hawa huhisi mguso mdogo kama mkwaruzo. Tafuta cha pembe nne, kifungwe kamba nne kwenye misumari, kivutike juu mbali na kichwa chake. Mchana ingia naye humo mkae, mle karanga, akizoee kama nyumba yake. Angalia pia lebo ya fulana na mishono ya shuka. Muziki wa jirani au baa ukiwa mkubwa, feni inayovuma mfululizo huufunika. Ukizidi, mwenyekiti wa mtaa yupo.

Ukifanya haya miezi miwili kwa uaminifu na bado hajabadilika, rudi kwa daktari umwambie ulichofanya. Ipo dawa ya melatonini, ndiyo ile homoni ya usingizi, na madaktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani katika mwongozo wao wa 2020 waliielekeza kwa watoto wenye usonji, lakini baada ya utaratibu wa jioni kujaribiwa kwanza. Hiyo ni ya kupangiwa kipimo na daktari, usiitafute mwenyewe.

Wazazi wengine mnaosoma, msiyachukue haya yote kama yalivyo. Mtoto mwenye kifafa asicheleweshwe kulala kwa hesabu ya dakika 15 bila daktari wake kukubali, kwa sababu kukosa usingizi huita degedege, na dawa yake ya jioni isirukwe. Mwenye mtindio wa ubongo pengine hawezi kujigeuza, na misuli inayokaza humwuma. Mgeuzeni, mwekeeni mto katikati ya magoti, asilazwe mara tu baada ya kula. Na mwenye hali ya kuzaliwa nayo iitwayo Down anayekoroma, pumzi ikasita kisha akashtuka, apelekwe hospitali. Niliwahi kuwa na mwanafunzi wa aina hiyo aliyesinzia darasani kila asubuhi, na mimi nikasema ni mvivu. Kumbe mafindofindo yalikuwa yakimziba koo usiku kucha. Hilo limenikaa moyoni mpaka leo.

Mama wa Kitangiri, Ukerewe usimpeleke sasa. Si kwa sababu ya bibi yake, anampenda, ndiyo maana anamtaka. Ni kwamba kila kitu kitakuwa kigeni, kitanda, sauti, harufu, na ziwa liko pale pale karibu. Badala yake mwombe mama mkwe aje yeye akae nanyi hiyo mbalamwezi ya kwanza, ndiyo ngumu. Mpe kazi ya saa kumi na mbili na nusu, kumwamsha mjukuu na kunywa naye uji nje. Wazee huamka mapema hata hivyo. Akishaona mwenyewe mtoto akisinzia huku mwezi unawaka dirishani, mtaongea vizuri zaidi juu ya kutazamwa. Na mwakani mkitaka kwenda Nansio, huko Ukerewe, kumtembelea, mbebeeni boksi lake, chandarua chake na lile pindo la khanga, na bibi aweke komeo juu ya mlango kabla meli haijafika.